Nilivyowatafutia Vijana wa Kamembe Shule za Biashara

Wenzangu mliobaki ofisini mmeniomba niandike kidogo juu ya miaka yangu ya kazi kabla sijasahau. Mmechelewa kidogo, maana kusahau nimeshaanza. Vyeo sitavitaja. Nilipanda mara mbili, na mara ya pili nilichopata zaidi ni ufunguo wa kabati. Mshahara nao mnaujua vizuri, kwa kuwa ndio huo huo mnaoupata. Nitaeleza kazi yenyewe: kumsaidia kijana anayetaka kazi ya fedha, na ambaye bado hajafanya kazi kwa muda wa kutosha, achague shule ya biashara itakayomfaa kweli.

Nilizaliwa Bukavu kwa wazazi Wanyarwanda, nikasoma huko, nikafundisha Kifaransa huko. Baada ya mauaji ya tisini na nne tulivuka daraja la mto Rusizi na familia yangu tukaja kukaa Kamembe, upande wa Rwanda. Nchi ambayo mama alikuwa akituimbia niliikuta imejeruhiwa. Benki zilikuwa zinafunguliwa upya, lakini nyuma ya vidirisha hapakuwa na watu. Wengi walioijua kazi ile walikuwa wamekufa au wamekimbia. Basi kila kijana aliyemaliza sekondari na asiyeogopa hesabu alitaka kusomea fedha. Chama cha wazazi waliorudi kutoka Kongo kikafungua ofisi ya ushauri wa masomo, chumba kimoja juu ya duka la vitambaa, na mimi nikachukuliwa kwa sababu nilikuwa na mwandiko mzuri.

Siku ya kwanza nilivaa nguo yangu ya kanisani. Nilimkuta mzee mmoja mwenye kofia nyeupe amekaa mbele ya rundo la vitabu vidogo vya matangazo ya shule, anavichana majalada. Alikuwa Mzee Ramazani, Mwislamu wa Kamembe, ambaye kwa miaka mingi alikuwa ametunza vitabu vya hesabu vya mfanyabiashara mmoja wa Bukavu.

“Karibu, Maman Josepha,” akasema. “Kaa, tuchane.”

Nikamwuliza kwa nini tunaharibu karatasi nzuri namna hiyo.

“Picha ni ya kuvuta batu,” akasema. “Angalia ile majani, angalia bale batoto banacheka. Haujaona shule yenye inaweka picha ya mwanafunzi mwenye analia. Weye anzia kusoma kule nyuma, kwa maandishi madogo. Kule njo shule inasema ukweli, juu inafikiri umeshachoka kusoma.”

Hilo ndilo somo la kwanza nililopewa, na sijapata lingine lililonifaa zaidi. Kule nyuma ndiko kulikoandikwa shule inampokea nani, inafundisha kwa lugha gani, walimu wake ni akina nani, na inataka mwombaji awe amefanya kazi miaka mingapi. Yale majalada tuliyakata yakawa kadi, kila shule kadi yake, tukazipanga ndani ya katoni ya sabuni. Hiyo katoni, mashine ya kuchapa, kamusi ya Kiingereza na faksi ya posta ilipokubali kufanya kazi ndivyo vilikuwa vyombo vyetu. Barua ya kwenda Nairobi na jibu lake ilichukua wiki nyingi. Kijana mmoja alipokea jibu lake akiwa ameshaoa.

Wateja nao walikuwa wa kila namna. Wiki ile ile ya kwanza aliingia bwana mmoja aliyevaa tai, akauliza ni shule gani fupi kuliko zote ya kumfanya mtu mkurugenzi wa benki.

“Fupi kuliko zote ni kuoa binti ya mwenye benki,” Mzee Ramazani akamjibu. “Ile inafuata inachukua miaka ine.”

Yule bwana alifikiri sana kabla ya kuchagua miaka minne.

Nieleze sasa nilivyokosea, kwa sababu kosa lile ndilo lililonifundisha kazi. Palikuwa na kijana anaitwa Anaklet, mtoto wa fundi cherehani, mwenye akili kuliko wote niliowahi kuwaandikia barua. Alikuwa na shahada yake na mwaka mmoja tu wa kufundisha shule ya msingi huko Gashonga. Shule moja kubwa ya Ulaya, yenye jina ambalo hata wauza ndizi walilijua, ilikuwa inataka uzoefu wa miaka mitatu, lakini ilikuwa pia na nafasi chache kwa wanaotoka nchi zilizopigwa na vita. Nilimwombea nafasi hiyo kwa bidii zangu zote. Akapata. Tulifanya sherehe hapo hapo ofisini, na mimi ndiye niliyejisifu kuliko wote.

Alirudi na diploma nzuri, akazunguka benki zote za Kigali miezi sita, hakupata kitu. Siku aliyokuja kuniona aliiweka diploma hiyo juu ya meza yangu.

“Darasani kulikuwa wakubwa,” akasema. “Muntu wa karibu yangu alikuwa ametumika benki miaka kumi. Mwalimu anauliza, wewe kwako mulifanya namna gani? Wote banajibu. Mimi nitajibu nini, nilikuwa nafundisha batoto kuhesabu vijiti. Sasa hapa banki banasema kwa karani niko na diplomi mingi, kwa mukubwa niko na kazi kidogo.” Halafu akaniangalia bila hasira, na hiyo ndiyo iliyoniuma. “Maman, mulinichagulia jina. Hamukunichagulia kalasi.”

Alisema kweli: hilo darasa lenyewe sikuwa nimelifikiria hata mara moja. Mzee Ramazani alimletea chai, akasubiri mpaka ametoka, kisha akaichukua ile katoni ya sabuni akaiweka mbele yangu. Tuliziandika kadi zote upya. Tangu siku hiyo hatukuandikia tena wakurugenzi wa shule peke yao. Tuliandikia pia waliowahi kusoma pale. Tuliwauliza: ulipoingia ulikuwa umefanya kazi muda gani? Walikupeleka staji, yaani kujifunza kazi ndani ya benki, au walikuacha na vitabu? Na Jumatatu ya kwanza baada ya kumaliza ulikuwa umekaa wapi? Hilo la Jumatatu ndilo lililozitenga shule. Zingine, wanafunzi wake wote walijibu kwa furaha. Zingine walijibu kwamba Jumatatu ile walikuwa nyumbani kwa mama.

Anaklet alikubali kuanza chini, kwenye kidirisha cha chama kimoja cha akiba hapa hapa Kamembe. Alikasirika mwaka mzima. Mwaka wa pili akaanza kuipenda kazi, na baadaye akawa anakuja kila Ijumaa kuwafundisha vijana wetu jinsi ya kujibu maswali mbele ya jopo la walimu. Aliwauliza maswali makali kuliko shule yoyote.

Wakati huo vita vya pili vya Kongo vilikuwa vimeanza. Mpaka wa Rusizi ya Kwanza, yaani lile daraja la kwenda Bukavu, ulifunguliwa asubuhi na kufungwa mchana, au usifunguliwe kabisa. Vijana waliokuwa wanasoma Bukavu walikatishwa masomo. Mmoja wao ni binti aliyeitwa Donatha, wa Bweyeye, kule pembeni ya msitu wa Nyungwe. Wazazi wake nao walikuwa wametoka Kongo, wakapata shamba huko. Alikuwa amemaliza miaka miwili ya biashara Bukavu vita vilipomrudisha, akapanga chumba Kamembe na kupata kazi kwenye wakala mmoja wa forodha pale mpakani. Aliwajazia wachuuzi fomu za kupitisha mizigo, ambazo sisi tuliziita deklarasyo.

Aliingia ofisini akasimama wima kama askari.

“Nataka kusoma mambo ya fedha,” akasema. “Ya kupima kama muntu anaweza kupewa mukopo ao hapana.”

“Umefanya kazi muda gani?”

“Miezi munane.”

“Na katika hiyo miezi minane umefanya nini?”

“Nimejaza deklarasyo.”

“Na nini kingine?”

Akafikiri. “Njo ile tu.”

Nilitoa kadi nne. Ya kwanza ilikuwa shule ya Nairobi, ya Kiingereza, mwaka mmoja, yenye jina kubwa na iliyotaka miaka mitatu ya kazi. Ya pili ilikuwa ya Ulaya, nikairudisha ndani kabla hajaisoma. Ya tatu ilikuwa ya jioni, Kigali, nzuri kwa mtu ambaye tayari ana kazi Kigali. Ya nne ilikuwa shule ndogo kule Butare ambayo hakuna aliyeijua. Ilikuwa ya miaka miwili, na nusu ya muda huo mwanafunzi alikuwa ndani ya benki. Wanafunzi wake tisa walikuwa wamenijibu juu ya Jumatatu, na wote tisa walikuwa kazini.

Donatha aliipenda ya nne. Lakini siku tatu baadaye alirudi na baba yake, Mzee Bernard, mtu mrefu mwenye koti la mvua alilolivaa hata jua likiwaka. Patroni wa Donatha, yaani mwajiri wake pale mpakani, alikuwa amempa barua. Ilisema amefanya kazi pale miaka mitatu.

“Patroni anapenda mutoto wangu,” Mzee Bernard akasema. “Amesema hii itamufikisha Nairobi. Butare ni wapi? Butare hata mimi nimefika. Nairobi muntu akisema amesoma kule, batu banasimama.”

Nilimtazama Mzee Ramazani. Alikuwa anasafisha miwani. Nami nilikuwa namwogopa yule baba, na nilijua kwamba barua ile ingepita. Nani angetoka Nairobi kuja kuuliza Rusizi? Nilimwambia Donatha kwamba sitaituma kwa mkono wangu, lakini maisha ni yake. Kama anaitaka, posta iko pale chini.

Aliisoma tena barua ile, polepole. “Papa,” akasema, “wakiniuliza mwaka wa tatu nilifanya nini, nitabaambia nini? Sijauishi.”

“Utatunga.”

“Na kalasi yote nitatunga? Mwaka muzima?”

Mzee Bernard alivaa kofia yake akatoka bila kuaga. Tulimsikia akishuka ngazi mpaka chini. Donatha alibaki, akaikunja barua ile mara nne akaitia mfukoni. Alijua pia kwamba patroni wake hatapenda. Na kweli, juma lililofuata alimwambia kama barua yake haitoshi, basi atafute pia kazi inayotosha.

Kwa hiyo sasa alikuwa hana kazi, baba amenuna, na shule ya Butare inataka vitu viwili: matokeo yake ya Bukavu na barua ya mtu aliyemwona akifanya kazi. Mpaka ulikuwa umefunguliwa wiki hiyo. Nikasema nitakwenda mwenyewe, kwa kuwa katibu wa shule ile ya Bukavu alikuwa mwanafunzi wangu wa zamani na ananiogopa mpaka leo.

Matokeo niliyapata kwa saa moja. Wakati wa kurudi nilikaa kwenye foleni ya Rusizi ya Kwanza, katikati ya wapagazi na akina mama wenye vikapu vya nyanya na sambaza, wale samaki wadogo wa Kivu. Mama mmoja mnene, aliyevaa kitenge cha njano, akaniangalia sana.

“Ni weye Maman wa masomo? Weye njo unatunyanganya Donatha?”

Aliitwa Maman Zawadi. Nikamwambia namtafutia shule tu. Akaweka kikapu chini na kunieleza jambo ambalo sikuwahi kulisikia. Miezi michache kabla, askari walikuwa wamefunga mpaka ghafla, akina mama wameshapitisha fomu lakini mizigo iko bado kwenye daraja. Mvua ikaanza. Wapagazi walitupa mizigo wakakimbia, na makarani wakafunga madirisha. Donatha peke yake alibaki nje. Alichukua chaki akaandika namba kwenye kila kikapu, na nyuma ya fomu akaandika jina la mwenyewe na kilichomo. Akawaomba askari wampe banda moja. Mizigo ilikaa humo mpaka kesho yake.

“Siku ya kufungua, kila muntu alitaka apite wa kwanza,” Maman Zawadi akasema. “Yeye akapanda juu ya jiwe. Akasema, sambaza na nyanya kwanza, maharage na mihogo badaye. Mimi nilikuwa na maharage, nilimutukana sana. Lakini tulipita wote. Hata kikapu kimoja hakikupotea.”

Nilifika ofisini sijatua hata mkoba. Donatha alikuwa hapo, anafanya mazoezi na Anaklet.

“Kwa nini hukuniambia habari ya daraja?”

Alishangaa kweli. “Maman, ile haikuwa kazi. Kazi ilikuwa deklarasyo. Ile siku bamama tu balikuwa banalia.”

Mzee Ramazani alicheka mpaka akavua miwani. Kesho yake alishuka mpakani na karatasi, akakaa kwenye kigogo, na wale akina mama wakamwambia maneno, yeye anaandika. Nilitaka kuisafisha ile barua iwe na Kifaransa cha heshima. Alinikatalia. “Tafsiri, lakini usipambe. Kama bamesema alikuwa mukali, andika alikuwa mukali.” Ilikuwa barua ya akina mama kumi na mmoja. Walioweza walitia sahihi, wengine walitia dole gumba, na pembeni palibaki alama ya mafuta ya samaki ambayo hatukuweza kuifuta. Niliituma hivyo hivyo, nikiwa na hofu tupu.

Walimwita Butare. Mambo ya mle chumba cha usaili nilielezwa na yeye mwenyewe, na nilimlazimisha ayarudie mara nyingi. Walikuwa walimu watatu. Mkubwa wao, profesa mwenye mvi, aliishika ile barua kwa vidole viwili, akainusa.

“Wenzako wametuletea barua za wakurugenzi,” akasema. “Wewe umetuletea akina mama wa sambaza. Kwa nini?”

“Patroni aliniona nikiingia na nikitoka,” Donatha akajibu. “Hawa ndio walioniona nikifanya kazi.”

“Umefanya kazi miezi minane tu?”

“Ndiyo.”

“Huoni kwamba ni michache?”

“Ni michache. Ndiyo maana ninaomba shule yenye staji.”

Mwalimu wa pili akauliza kwa nini hakufuata foleni siku ile ya daraja, mbona aliyetangulia kufika hakutangulia kupita. Donatha akasema kwamba hakujiuliza nani amefika kwanza. Alijiuliza mzigo wa nani hauwezi kusubiri. Mwenye maharage akichelewa wiki, bado ana maharage. Mwenye nyanya akichelewa siku mbili, hana biashara tena, na mwezi ujao hatakuwepo mpakani.

Profesa akawageukia wenzake. “Hilo sisi tunalifundisha mwaka wa pili,” akasema.

Jibu lilikuja kwa faksi, na faksi ya posta ikakata ukurasa katikati, tukabaki na neno “Tunafurahi” peke yake. Ilitutosha. Mwenye duka la chini alipanda kuuliza kama kuna mtu ameanguka, kwa jinsi tulivyokuwa tunarukaruka juu ya dari yake.

Miaka miwili ile haikuwa rahisi kwa Donatha. Staji ya kwanza walimpa kazi ya kupanga mafaili, akaniandikia barua ya manung'uniko ya kurasa nne. Nilimjibu kwa mistari miwili: soma unachokipanga. Alikisoma. Kwenye staji ya pili, katika benki moja ya Kigali, walimweka kwenye idara ya mikopo, na siku ya mwisho mkuu wa idara akamwuliza kama anaweza kurudi Jumatatu. Alirudi, na hakutoka pale mpaka walipomleta huku kwetu kuongoza idara ya mikopo ya tawi lao.

Baba yake alikuwa hajasema naye vizuri tangu siku ya ngazi. Sherehe ya kutoa diploma ilipofika, nilimtumia ujumbe kwa mtu wa kanisani. Sikupata jibu. Lakini asubuhi ile kule Butare, nilipoingia ukumbini na kutafuta kiti, nilimwona amekaa mstari wa mbele kabisa, mahali pa wageni wa heshima, amevaa lile koti la mvua. Hakuna aliyethubutu kumwondoa. Jina la Donatha liliposomwa alisimama, akabaki amesimama mpaka majina yote yakaisha.

Kesho yake alfajiri tulipanda basi la kurudi. Tulipofika katikati ya Nyungwe, pale njia ya Bweyeye inapoachana na barabara kubwa, Mzee Bernard akamwambia dereva asimame. Pembeni ya barabara palikuwa na watu wengi: kwaya nzima ya kanisa lao, ngoma mbili, na mama yake Donatha mbele. Walikuwa wametoka kijijini jana yake ili wasitukose. Mimi nilikuwa niendelee mpaka Kamembe. Mama yake alinishika mkono tu, nami nikajikuta nimeshuka. Tulitembea mchana kutwa tukipanda na kushuka, viatu vyangu vya sherehe nimevishika mkononi, kwaya ikiimba nyimbo zote inazozijua na kuzirudia. Diploma aliibeba Mzee Bernard, ameificha ndani ya koti kwa ajili ya mvua, na hakukubali mtu amsaidie, hata mwenye diploma.

Tulifika jua likiwa bado liko juu ya miti. Watu walikuwa wamejaa uani, na mzee mmoja jirani akauliza, hiyo shule ya fedha hasa wanafundisha nini. Donatha alifungua kinywa, lakini baba yake alikuwa ameshasimama. Akawaeleza watu wa Bweyeye mambo ya benki, mikopo na biashara ya dunia kwa muda wa saa nzima. Hakuna hata neno moja alilosema lililokuwa sahihi, na hakuna aliyemkatiza. Donatha alikaa miguuni pake kwenye mkeka, anamsikiliza na kuitikia kwa kichwa.